Kupima Kasi ya Diski Ihifadhiyo Sauti za Lahaja za Mrima

Tangu W. H. Whiteley alipotoa maelezo yake ya Kimtang'ata, mwaka 1956, zana za mchunguzi wa lahaja za pwani ya Tanga zimebadilika sana. Leo hurudi kutoka Tongoni na mafaili ya sauti. Sauti ya njia mbili, iliyopimwa mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, hutaka baiti 288,000 kila sekunde. Basi mazungumzo ya saa mia moja hufikia gigabaiti 104 hivi. Je, seva ya hifadhi yaziandika kwa kasi gani?

Swali hili lina upande wa lugha pia. Programu isemapo kwamba faili "limeandikwa", kiambishi -me- chatupoteza kidogo, kwani kilichotimia ni kupokewa tu. Mfumo wa Linux huiweka data kwanza katika kumbukumbu ya muda, na kwa desturi huweza kukaa humo sekunde 30 hivi kabla ya kupelekwa diskini. Umeme ukikatika katika muda huo, na kinasa sauti kimekwisha futwa, maneno ya mzee aliyekwisha fariki hayana wa kuyarudia.

Kwa hiyo mpimaji asisimamishe saa yake mpaka ijibiwe amri ya fsync, ambayo huulazimisha mfumo kuithibitisha data kuwa imefika. Faili la kujaribia nalo lizidi kumbukumbu ya seva: mashine yenye gigabaiti 64 huweza kuimeza rekodi ya saa moja kabla diski haijaguswa, na tarakimu itokayo ni sifa ya kumbukumbu. Tena lisijazwe sifuri tupu, maana baadhi ya mifumo huzikandamiza; heri kutumia sauti zenyewe.

Fahirisi ya maneno, iandikwayo vipande vidogo vidogo, yataka kipimo kingine. Hapa ipo hesabu moja niipendayo. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Ukiandika baiti 4,096 mahali pale pale, ukingoja uthibitisho kila mara, huwezi kupita maandiko 120 hivi kwa sekunde. Ukionyeshwa elfu kadhaa, tafuta kumbukumbu nyingine iliyojificha ndani ya diski au katika kidhibiti chake. Ikiwa yalindwa na betri, hapana neno. Ikiwa hailindwi, jibu la fsync lenyewe ni la kutiliwa shaka, na kinasa sauti kisifutwe bado.