Reli ikija Kasanga, familia zetu zimejiandaaje?

Na Mwandishi Wetu

Anayesafiri kutoka Sumbawanga kupitia Matai kwenda Kasanga huhisi masikio yakiziba kabla macho hayajaliona ziwa. Uwanda wa Ufipa umeinuka sana, na Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa karibu mita 1,000. Huko chini, kati ya milima na maji, ndipo penye bandari, soko la migebuka na dagaa, nyumba za watu, nyumba za ibada na makaburi ya wazee. Vyote hivyo vimebanana kwenye ardhi tambarare isiyo kubwa.

Ndugu msomaji, mpaka leo mkoa wa Rukwa hauna reli. Mkazi wa Sumbawanga anayetaka kupanda treni huenda Mpanda au Tunduma, na kila upande ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Lakini kwa miaka mingi limekuwa likitajwa wazo la kutoa tawi la reli ya TAZARA pale Tunduma hadi bandari ya Kasanga, ili mizigo ya Kongo na Burundi ipate njia ya reli hadi ziwani. Hatuandiki haya kutangaza kwamba ujenzi umekaribia. Tunaandika kwa sababu mwenye kujiandaa mapema huulizwa maoni yake, na aliyechelewa huletewa taarifa tu.

Stesheni hufuata nini?

Historia inatufundisha kwamba reli za nchi yetu zilifuata mizigo kwanza, watu baadaye. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili Zambia ipate njia ya kusafirisha shaba yake. Kasanga nayo ikipata reli, itakuwa kwa sababu ya bandari.

Hapo ndipo linapozuka swali la stesheni. Treni ya mizigo haishuki mlima kama lori. Hata tukikadiria mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100, ambao kwa treni nzito ni mkali, kushuka mita 1,000 kunahitaji njia ya kilomita 50. Maana yake reli italazimika kuzunguka, na kila mzunguko utapita kwenye shamba la mtu. Ikifika chini, stesheni itataka eneo refu lililo sawa ili mabehewa yapangwe na kupishana. Kasanga, eneo la namna hiyo ndilo hilo hilo lililojaa watu.

Wapangaji wakiikwepa gharama ya kuhamisha watu, stesheni itawekwa mbali. Hilo nalo lina bei yake. Nairobi, stesheni kuu ya reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ilijengwa Syokimau, nje ya jiji, na abiria akishuka hubaki na safari nyingine ya kufika katikati ya mji. Dar es Salaam ilijifunza kwa njia nyingine: mwaka 2012 reli iliyokuwapo tayari ilianza kubeba abiria wa jiji kati ya Ubungo na Stesheni, na wananchi wakaipanda kwa wingi kwa sababu ilipita karibu na walipoishi.

Kwa maoni yetu, yadi ya mizigo ikae jirani na gati, na stesheni ya abiria ikae mahali ambapo mama mwenye ndoo ya samaki anaweza kufika kwa miguu. Pawe na taa, vyoo safi, maji ya kutosha hata kwa udhu, sehemu ya kuswalia, na vivuko salama, ili reli isiukate mtaa vipande viwili na kuwatenga watoto na madrasa yao. Mambo haya huingia kwenye ramani kwa urahisi kabla ya zege kumwagwa. Baada ya hapo huwa maombi yasiyojibiwa.

Kiwanja cha mayatima

Mtume Muhammad (SAW) alipofika Madina na kuchagua mahali pa kujenga msikiti, eneo lile lilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walikuwa tayari kulitoa bure. Mtume hakukubali mpaka lilipwe thamani yake. Hakukuwa na jengo lenye manufaa kwa umma kuliko lile, na hata hivyo haki ya mtoto asiye na baba haikurukwa.

Sheria za nchi yetu nazo zinatambua haki hiyo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inaipa Serikali uwezo wa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Hata makaburi yana sheria yake ya uhamishaji, ya mwaka 1969. Hivyo mthamini atakapokuja atauliza jambo moja: mwenye eneo ni nani?

Tuulizane kwa ukweli. Ni nyumba ngapi miongoni mwetu ambazo baba amefariki miaka kumi iliyopita na mirathi haijagawiwa? Kaka mkubwa anakaa kwenye eneo, dada wameolewa mbali, mjane yumo chumba cha uani, na hakuna karatasi. Fidia ikija, jina litakaloandikwa ni la yule aliyekuwepo siku ile. Qur'an imewapa wanawake fungu lao katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kidogo au kingi, na imewaonya vikali wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Hapo mwenye kudhulumu hatakuwa Serikali wala mkandarasi, bali ndugu wa damu.

La kufanya sasa

Familia ikae. Mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, na kila mrithi ajue fungu lake. Mwenye shamba la kijiji aulize serikali ya kijiji kuhusu hatimiliki ya kimila. Kamati za misikiti ziandikishe viwanja vya wakfu na mipaka ya makaburi. Mkutano wa kijiji ukiitwa, akina mama waende nao, kwa kuwa ndio watakaoitumia stesheni kila siku ya soko.

Huenda reli ikachukua miaka mingi, au isije kabisa. Lakini mirathi iliyogawiwa kwa haki na mpaka ulioandikwa havina hasara hata kama treni haitapiga honi Kasanga. Ijumaa hii, baada ya chakula, mzazi awakusanye wanawe na kuwaonyesha mipaka ya eneo lao.

Wabillahi tawfiq.