Mahari ni haki ya bi harusi, kilemba na mkaja ni ada

NDOA nyingi za Waislamu wa Pwani hufungwa kwa dini na kwa mila. Yote mawili huheshimiwa, lakini yanapogongana kuhusu mali, anayeumia aghalabu ni bi harusi.

Posa inapokubaliwa, wazee wa upande wa mwanamume hutajiwa mahari, kisha hutajiwa pia kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Kuutoa ni kumshukuru mama kwa uzazi na malezi.

Mila hizi hazipingani na sheria ya Kiislamu mradi zibaki kuwa zawadi. Wanazuoni wa fiqhi huitambua ada isiyokiuka maandiko. Mahari, hata hivyo, si zawadi ya wazee. Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 4, yaamuru wanawake wapewe mahari yao. Mwingine aweza kuyatumia kwa ridhaa ya mke mwenyewe pekee.

Tatizo huanza pale baba anapopokea fedha zote kwa mkupuo mmoja, asibainishe kipi ni kilemba na kipi ni mahari. Machungu yake huonekana baadaye. Mke anapoomba kujivua katika ndoa kwa njia ya khului, kwa kawaida hutakiwa kumrudishia mume mahari aliyopewa. Ikiwa fedha hizo zilitumiwa na jamaa zake, atarudisha kitu ambacho mkono wake haukukigusa.

Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 chaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua kesi za ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Nayo Sheria ya Ndoa ya 2014 huzitambua ndoa ya Kiislamu na ya kimila kama aina mbili tofauti. Kwa hivyo, kadhi akiulizwa kuhusu mahari ataangalia kilichoafikiwa katika akdi, wala si kilichogawanywa barazani.

Dawa yake si kuzitupa mila. Kiasi cha mahari, kilicholipwa na kilichobaki kuwa deni, kiandikwe mbele ya mashahidi na kitenganishwe na zawadi za wazazi. Bi harusi naye aulizwe iwapo ameyapokea. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.