Bremm: Kijiji Chini ya Ukuta wa Mizabibu

Treni inayotoka mji wa Cochem kuelekea kusini, magharibi mwa Ujerumani, hutumbukia katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Abiria hukaa gizani dakika chache, kisha hutokea kijiji cha Eller, ng'ambo ya pili ya mlima. Mto Mosel nao huunganisha sehemu hizo mbili, lakini kwa kuzunguka zaidi ya kilomita 20. Hapo ndipo mgeni anapoanza kuelewa mto huu, ambao huanzia milima ya Vosges nchini Ufaransa na kujipinda kama nyoka hadi Koblenz, unapoingia Rhine. Mbele kidogo ya Eller kipo Bremm, kijiji cha watu wasiofika elfu moja, na juu yake umesimama mlima wa Calmont, uliofunikwa mizabibu kuanzia karibu na maji hadi kwenye majabali ya kileleni.

Mteremko wa Calmont hufika nyuzi 65 mahali penye ukali zaidi, nao huhesabiwa kuwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote duniani. Aliyesimama barabarani hulazimika kuinua shingo ili aone wakulima, wakiwa wadogo kama siafu. Mtu hujiuliza kwa nini kulima ukutani wakati ipo ardhi tambarare. Jibu limo katika jua, jiwe na maji.

Mwamba wa Calmont ni sleti, jiwe jeusi la kijivu linalopasuka vipande bapa kama mbao nyembamba. Miaka takriban milioni 400 iliyopita eneo hili lilikuwa sakafu ya bahari. Tope lilijilimbikiza tabaka juu ya tabaka, likakandamizwa na kukunjwa na nguvu za ndani ya ardhi hadi likawa jiwe. Baadaye sana ardhi yote ya hapa ilianza kuinuka polepole, na Mosel, uliokuwa tayari unajipinda kwenye uwanda, ukaendelea kuchimba katika njia zake zilezile. Ndiyo maana mizunguko yake leo imezama ndani ya mabonde yenye kina.

Mto unapopinda, maji ya upande wa nje hukimbia kwa kasi na kula ukingo, na ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuacha mchanga. Pale Bremm mambo yote mawili yako mbele ya macho. Upande wa nje ni ukuta wa Calmont. Upande wa ndani ni rasi ya chini, ambako yamebaki magofu ya kanisa la Stuben, monasteri ya masista iliyoanzishwa karne ya 12.

Ukuta huo unatazama kusini, na hilo ndilo jambo kubwa. Bremm iko kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, karibu na ukomo ambao mizabibu imeweza kuivisha zabibu kwa karne nyingi. Mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 40 tu juu ya upeo wa macho. Kwenye ardhi tambarare miale yake huanguka kwa mshazari, na joto lilelile hutawanyika juu ya eneo kubwa. Kwenye mteremko wa nyuzi 50 miale hiyo hupiga wima kabisa. Hesabu inaonyesha kwamba saa hiyo mita moja ya mraba ya mteremko hupata takriban mara moja na nusu ya nguvu ya jua inayoifikia mita moja ya mraba ya uwandani. Mwezi Juni, jua likiwa juu, faida hiyo haipo. Huja wakati wa kuivisha, ule hasa ambao mzabibu una njaa ya joto.

Sleti huongeza yake. Vipande vyake vyeusi hulala wazi kati ya mizabibu, hunyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Pia huzuia udongo kukokolewa na mvua na huruhusu maji kupenya chini haraka, kiasi kwamba mzizi hulazimika kushuka ndani ya nyufa za mwamba kutafuta unyevu. Mto ulio chini ni akiba nyingine ya joto, na maji yake huakisi mwanga kuelekea mlimani. Usiku, hewa baridi ambayo ni nzito huteremka bondeni, hivyo mizabibu ya ubavuni huepuka sakitu ya majira ya kuchipua.

Zabibu inayotawala hapa ni Riesling, aina nyeupe ambayo jina lake limeonekana katika hesabu za kasri la Rüsselsheim tangu mwaka 1435. Huiva kwa kuchelewa, mara nyingi Oktoba. Siku zenye jua hujenga sukari ndani ya tunda, na usiku wa baridi hulinda asidi isipotee. Kadiri tunda linavyobaki mtini ndivyo harufu zake zinavyozidi kukomaa. Utamu wa juisi hupimwa kwa nyuzi za Oechsle, zilizoitwa kwa jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa Pforzheim aliyeishi 1774 hadi 1852. Juisi yenye uzito wa gramu 1,080 kwa lita ina nyuzi 80. Zamani ghala za chini ya nyumba zilipopoa majira ya baridi, hamira ilinyamaza kabla ya kumaliza sukari yote. Divai nyepesi yenye utamu na ukali wa asidi pamoja, ambayo ndiyo sifa ya Mosel, ilitokana na baridi hiyo.

Gharama ya uzuri huu ni jasho. Trekta haliwezi kupanda Calmont. Kwa desturi ya bonde hili kila mzabibu hufungwa kwenye nguzo yake, na matawi yake mawili hupindwa yakafanana na umbo la moyo, ili mkulima aweze kupita huku na huku badala ya kufuata mstari mmoja. Kuta za mawe yasiyo na saruji hushikilia udongo, na zikibomoka hujengwa upya kwa mkono. Kupogolea, kufunga na kuchuma hufanywa kwa mkono vilevile. Msaada mkubwa umekuwa reli moja yenye meno, inayopandisha kigari kidogo chenye mtu na makreti ya zabibu. Kazi ya hekta moja hapa ni mara kadhaa ya ile ya uwandani, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 familia nyingi zilishindwa. Matuta mengi yaliachwa yakafunikwa na vichaka. Sehemu yake imepandwa upya, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima ya kila anayeinua glasi.

Vichaka vinapofunika kuta, si mkulima peke yake anayepoteza. Mawe yenye joto ni makazi ya mijusi na ya kipepeo Apollo, mweupe mwenye madoa mekundu, ambaye jamii yake ya pekee huishi katika bonde la chini la Mosel tu. Kiwavi wake hula mmea mdogo mnene unaoota kwenye nyufa za mawe yanayopigwa na jua. Kivuli kikiingia, mmea hufa, na kipepeo hutoweka.

Mgeni mwenye miguu imara anaweza kupita katikati ya haya yote kwa njia ya mlimani kati ya Bremm na Eller, yenye ngazi na kamba za chuma za kushikilia. Akishuka, huwakuta wakulima wakiuza divai yao nyumbani. Sheria ya jimbo la Rheinland-Pfalz humruhusu mkulima kufungua baraza ya kuuzia divai nyumbani kwake kwa sehemu ya mwaka.

Hali ya hewa inabadilika, na mavuno huja mapema kuliko zamani. Zabibu za divai ya barafu huchumwa zikiwa zimeganda mtini, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi. Kwa zabibu za mwaka 2019 baridi hiyo haikufika, na kwa mara ya kwanza Ujerumani nzima haikuvuna divai ya barafu.