Kebo Zinafanana kwa Nje Tu

Muhula huu klabu inakusanya kwenye diski moja video za bibi na babu zetu wakisimulia maisha yao. Tumeona video za mmoja wetu zikihama kwa dakika chache, na za mwingine, ambazo si nyingi zaidi, zikichukua karibu saa nzima. Je, kebo ina neno?

Ina neno, tena kubwa. Ncha ya USB-C ni ile ile, lakini nyaya za ndani hazilingani. Kebo nyingi zinazokuja na chaja ni za USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000, kisichozidi megabiti 480 kwa sekunde. Kebo za USB 3 zina nyaya za ziada na hufika gigabiti 5, 10 au 20. Kwa hesabu ya karatasini, gigabaiti 100 zinahitaji karibu dakika 28 kwenye USB 2.0, na sekunde 80 tu kwenye gigabiti 10. Cha kuchekesha ni iPhone 15 Pro ya mwaka 2023: simu inamudu gigabiti 10, ila kebo iliyomo kwenye boksi lake ni ya USB 2!

Hata hivyo, msikimbilie dukani. iPhone 15 ya kawaida yenyewe inaishia USB 2, kwa hiyo kebo ghali haitaisaidia kitu. Diski za zamani zinazozunguka nazo zina mwendo wake.

Wanaklabu wenzetu, mkija na video zenu, tazameni kwanza ncha ya kebo. Ikiwa na alama ya SS au namba 10, njooni nayo.