Ufadhili wa Shahada ya Mtandaoni: Anza na Hesabu, Fomu Baadaye

Tangazo la ufadhili likiingia kwenye kundi la WhatsApp, wengi hukimbilia kujaza fomu. Kila anayenijia kwa ushauri ninamwambia aiweke fomu kando kwanza, achukue kalamu na karatasi, apige hesabu. Anayekwenda kusoma ng'ambo kwa ufadhili kamili hulipiwa tiketi, malazi na posho. Anayesoma mtandaoni mara nyingi hulipiwa ada tu. Kompyuta, bando na umeme ni juu yake.

Chukua mfano wa University of the People, chuo cha mtandaoni cha Marekani kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009. Kinajulikana kwa kutotoza ada ya mafundisho, lakini kila kozi ina ada yake ya tathmini, na shahada ya kwanza ina kozi 40. Hata tukikadiria dola 100 tu kwa kozi, jumla inafika dola 4,000. Chuo kina ufadhili wa kuwasaidia wasioweza kulipa, ila sharti uuombe mwenyewe. Aliyesikia neno "bure" akaishia hapo hukwama katikati ya safari.

Kwa shahada ya uzamili, upo ufadhili wa elimu masafa wa Jumuiya ya Madola, unaogharamiwa na Uingereza. Mtanzania, Mkenya au Mganda anaweza kulipiwa ada ya chuo cha Uingereza huku akiendelea na kazi yake nyumbani. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, na uthibitisho kwamba huwezi kujilipia. Hauhusu kila kozi, bali zile zilizoteuliwa kwa mwaka husika. Tena maombi ni mawili: moja la ufadhili, jingine la kudahiliwa chuoni. Wapo wanaotuma la kwanza wakasahau la pili, na nafasi ikawapita.

Usidharau pia vyuo vya karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, na cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023. Pengo la ada likiwa dogo, mwajiri au SACCOS yako inaweza kuliziba.

Kabla ya kutuma chochote, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), au mamlaka ya nchi yako, kama shahada hiyo inatambuliwa. Na anayekutaka utume pesa kwa simu ili "kuharakisha" ufadhili ni tapeli, usimjibu.

Ikifika zamu ya barua ya maombi, andika unachokijua. "Napenda elimu tangu utotoni" kila mwombaji anaweza kuiandika. Lakini muuguzi akiandika, "Katika zahanati yetu tunaandika kumbukumbu za chanjo kwenye daftari, na mama akihamia kijiji kingine zinapotea, nataka kusoma usimamizi wa taarifa za afya ili nilitatue hili," mfadhili anaona mtu, kazi na sababu. Kisha rudi kwenye ile karatasi yako ya hesabu. Fomu ikiuliza unahitaji kiasi gani na kwa nini, jibu utakuwa nalo mkononi.