Kabla ya Kuinua Gari Lako

Barabara za machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, huwa na matope na makorongo wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wamiliki wa magari huwataka mafundi wayainue. Kazi hiyo ina gharama isiyoonekana siku ya malipo.

Katika Toyota Hilux za sasa zinazovuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Gari likiinuliwa, difu hupanda, magurudumu hubaki chini, na shafti zinazoviunganisha huinama kupita kiasi. Sivijointi huzunguka zikiwa zimepinda, mipira yake huchanika, grisi humwagika na mchanga huingia. Katika Land Cruiser Hardtop, difu imo ndani ya ekseli. Springi ndefu huinua bodi tu. Difu hubaki palepale, karibu na mawe. Tairi kubwa huinua difu, lakini huzidishia mzigo klachi, gia na breki. Aidha, gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Kabla ya kulipa:

1. Hakikisha springi zilizopo hazijachoka. Huenda kuzibadilisha kunatosha.
2. Mtake fundi akague mipira ya breki, mwinamo wa shafti na usukani baada ya kazi.
3. Dai risiti yenye orodha ya vipuri, na dhamana kwa maandishi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Ukipotoshwa, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ukiambatisha risiti.