Lubumbashi: Usiku wa michezo ya meza Kasungami, bila kuweka franka juu ya ubao

Giza likiingia Kasungami, kartie ya komini ya Annexe mjini Lubumbashi, kijana mwenye franka kidogo mfukoni anajiuliza jambo moja: jioni hii atapitisha wapi? Nganda iko, muziki uko, Simba ya baridi iko kwa mwenye kuilipa. Lakini kuna kitu kingine ambacho wakaaji wa Lubumbashi wanakijua tangu utoto na ambacho hakimalizi mfuko: ubao wa dama, na vifuniko vya chupa kama askari wake.

Katika miji mingine ya dunia, jambo hilo limekuwa biashara kamili. Mwaka 2010, huko Toronto nchini Kanada, ilifunguliwa Snakes & Lattes, mkahawa uliojaza rafu zake michezo ya meza. Mwaka 2012, katikati ya Paris, ikafunguliwa Le Dernier Bar avant la Fin du Monde, baa ya wale wanaoitwa giki, yaani watu wanaopenda kupita kiasi kompyuta, vitabu vya katuni, filamu za anga na michezo ya kufikiri. Katika mikahawa ya namna hiyo, mara nyingi mteja analipia kiti, anachagua mchezo kwenye rafu, na mfanyakazi anamfundisha sheria. Kinywaji na chakula vinafuata. Kinachouzwa kwanza ni meza, na watu wa kukaa nayo.

Moja ya michezo inayojulikana zaidi kwenye rafu hizo ina jina ambalo hakuna mtu wa Kasungami anayehitaji kutafsiriwa: Jenga. Aliyeuanzisha ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika. Familia yake ilikuwa ikiucheza nchini Ghana kwa vipande vya mbao, kisha yeye akauingiza sokoni London mwaka 1983. Ni vipande 54 tu, vinavyopangwa vitatu vitatu hadi ghorofa 18. Kila mchezaji anatoa kipande chini na kukiweka juu, na anayeangusha mnara ameshindwa. Fundi seremala anaweza kuvikata kutoka mabaki ya mbao: urefu sentimita 7 na nusu, upana 2 na nusu, unene 1 na nusu. Kazi kubwa ni kuvilainisha vizuri.

Kwa hiyo, nganda inayotaka usiku wa namna hiyo haina lazima ya kuagiza masanduku ya bei ghali kutoka Ulaya. Dama ya kimataifa inahitaji ubao wa vyumba 100 na vifuniko 20 kwa kila upande. Bendera moja inatumia vifuniko vilivyogeuzwa juu, nyingine vilivyogeuzwa chini. Kukamata ni lazima, na penye njia mbili, mchezaji anafuata ile inayokamata wengi zaidi. Kwa mchezo huo Msenegali Baba Sy alifika kileleni mwa dunia katika miaka ya 1960. Shirikisho la kimataifa lilimtambua rasmi kuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, miaka minane baada ya kifo chake.

Kuna pia kisolo, mchezo wa mbegu wa kusini mwa Kongo unaofanana na bao la Zanzibar. Ubao wake huwa na mistari 4, mara nyingi ya mashimo 7 kila mmoja, wakati bao la pwani lina mashimo 8 kwa kila mstari. Hata bila ubao, mashimo yanachimbwa chini na mawe madogo yanatosha. Lakini wanaojua kuhesabu hatua zake vizuri ni wazee kuliko vijana. Mzee asipopata wa kucheza naye, anaondoka na hesabu yake.

Hatari ya meza hizi inajulikana: pesa. Ludo inaanza kwa kicheko, mtu mmoja anaweka franka mia tano, mwingine anaongeza, na kufika saa nne za usiku wenzake wa jioni nzima wanashikana kwenye kola. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Pesa ya unga wa kesho inaisha kidogo kidogo, na anayelala njaa ni mtoto aliyebaki nyumbani.

Vita hivyo si vya leo. Kwa Wakuba wa Kasai inasimuliwa kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, aliwaletea watu wake mchezo wa mbegu ili waache kamari. Sanamu ya mbao inayomkumbusha inamwonyesha akiwa na ubao wa mchezo mbele yake. Emil Torday aliichukua huko na tangu 1909 iko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Wafalme wengine wa Kuba wanaonyeshwa na alama nyingine za enzi zao. Yeye alama yake ni ubao.

Mwenye nganda anayetaka kujaribu anaweza kuanza na meza mbili na sheria chache zilizoandikwa ukutani. Hakuna pesa juu ya ubao. Anayeshindwa anaachia mwingine kiti, ili mabingwa wasikalie meza usiku wote. Meza moja iwekwe karibu na mlango, penye mwanga, mahali ambapo mama au dada anaweza kucheza bila kusumbuliwa. Watoto warudi nyumbani kabla ya giza. Kwa kuwa delestaji haitoi taarifa, taa ya jua ichajiwe tangu asubuhi.

Na saa ya kufunga itajwe mapema, ili wanaokaa upande mmoja waondoke pamoja. Usiku, watu watano wanaobishana njiani juu ya kifuniko kilichokamatwa vibaya wanafika salama kuliko mmoja anayetembea peke yake.